Kitabu Kilichovaa Suruali

Kabla hamjaniuliza tena, wanangu wa maktaba: ndiyo, nimevisoma vyote. Vile vya kabati la nyuma, vya wanawake wanaotoroka na mapadri, vya watawa wanaokunywa divai ya ibada, na kile cha tajiri aliyezini na nusu ya kijiji kisha akamwandikia Mungu barua kulalamika kwamba joto ndilo lililomponza. Nimevisoma na miwani yangu puani, kalamu mkononi, tena saa za kazi. Nasikia mnaambiana kwamba Mama Biira alikuwa mtu wa sala, hajui hata busu linaanzia wapi. Loo! Katika chuo kile cha wahubiri hapakuwa na mtu aliyejua uchafu mwingi kuliko mimi, isipokuwa mmoja, naye ndiye aliyenifundisha kazi.

Habari za vyeo na mshahara naziruka, hazina hata kichekesho. Nitawaeleza gundi.

Nilianza mwaka 2011, baada ya kufundisha shule za msingi mpaka sauti ikakauka. Chuo kilikuwa pale mlimani juu ya mji wa Kasese, mabati mekundu, madirisha yasiyofungika. Wanafunzi walikuwa watu wazima: makatekista wa Kyarumba waliokuja na maharage kichwani, wahubiri wa wavuvi kutoka Kahendero, askari wa kambini, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Kongo. Tulitumia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo kila mmoja aliivunja kwa namna yake, hakuna aliyemcheka mwenzake. Mimi nilikuwa na nafuu, baba yangu alikuwa polisi, nilizaliwa katikati ya amri na matusi ya Kiswahili.

Mkutubi wa wakati huo alikuwa Mzee Bwambale, mwembamba, mrefu, mzee wa kanisa, mtu wa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni langu la Jumapili, nikidhani nitakaa mezani nigonge mihuri. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umenawa?"

"Nimenawa, Mzee."

"Nawa tena. Leo tunapika."

Nikadhani ni mzaha. Kumbe tulikuwa tunapika kweli, kwenye sigiri nyuma ya maktaba, na chakula chenyewe ni gundi. Sikilizeni, maana siku hizi mnanunua gundi ya chupa inayogeuza kitabu kuwa ubao. Unga wa muhogo uchekeche mara mbili. Uloweke na maji baridi kwanza, usije ukathubutu kuumwagia ya moto, utapata madonge. Koroga upande mmoja tu mpaka weupe uishe na iwe kama kioo. Tia chumvi na maji ya pilipili, kwa sababu mende wa Kasese wanaipenda gundi hiyo kuliko sisi Wakonzo tunavyopenda bundu, ugali wetu wa muhogo. Ipoze, pakaza kwa brashi ya manyoya ya mbuzi. Ubora wake ni huu: inashika miaka, lakini ukiipa mvuke inaachia bila kuchana karatasi. Siku hiyo nilibandika vidole vyangu viwili pamoja, Mzee akaniacha hivyo mpaka saa sita ili nijifunze.

Mchana ndipo akanieleza gundi ni ya nini. Kuunganisha migongo ya vitabu, ndiyo. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufunga kurasa. Wafadhili wa mbali walikuwa wakituletea maboksi ya vitabu, na ukifungua boksi lililoandikwa "Kwa ajili ya wahubiri" unakuta nusu ni mahubiri, nusu ni wanaume wasio na shati. Mzee hakuchoma kitabu hata kimoja. Alisema kitabu ni kama mtu, ukimkuta uchi unamfunika, humuui. Basi alikisoma chote, akapata kurasa zenye aibu, akazipaka gundi kingoni na kuzishikanisha. Kitabu kinabaki, aibu imefunikwa. Jalada lenye mwanamume asiye na shati tulilifunika kwa karatasi ya kalenda ya kanisa, hivyo kifua chake kikawa na picha ya askofu.

Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. "Mzee, ili ujue pa kufunga, si lazima usome?"

"Lazima."

"Kila neno?"

"Biira," akasema, bila hata kutabasamu, "kuna wengine wanaitwa kuhubiri. Sisi tumeitwa kusoma haya."

Kabla ya kusoma tulikuwa tunasali kidogo, kama mtu anayebariki chakula. Kisha yeye anachukua boksi lake, mimi langu, tunasoma kimya. Nilikuwa naona haya kugeuza ukurasa haraka, nikaona haya pia kuugeuza polepole. Mara nyingine Mzee alikohoa, nikajua amefika mahali. Mara nyingine nilicheka peke yangu, naye akauliza, "Tufunge?" nikajibu, "Tufunge, Mzee, lakini kwanza nimalizie." Mungu anisamehe, ile ilikuwa miezi ya furaha kubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi.

Mwishoni mwa mwaka ule mkewe, Mama Masika, alifariki ghafla asubuhi. Tulimzika Bwera, kwao. Mzee alisimama kaburini mbele ya watu wote akamshukuru Mungu kwa sauti thabiti, kama mzee wa kanisa anavyotakiwa, na watu walirudi nyumbani wakisifu imani yake. Baada ya siku kumi alikuwa amerudi kazini. Katika boksi lililofuata kulikuwa na riwaya moja ya Kiingereza, nyembamba, yenye jalada la kijani. Ilihusu mjane aliyevunja matanga yake na kuzini na mtunza kanisa aliyekuwa shemeji yake, ndani ya kanisa lenyewe, chumba kile cha kanzu za padri. Mzee aliisoma siku tatu. Kisha akanipa kipande cha karatasi chenye namba: kuanzia ukurasa wa mia na kumi hadi mia na ishirini na moja.

"Funga hizi. Usisome. Hii usisome, umesikia?"

Nilisikia. Nilifunga bila kutazama, nikajisifu kwa utii wangu. Miezi michache baadaye Mzee akastaafu, akaenda Bwera kulima kahawa, akaniachia sigiri, brashi, na funguo za kabati.

Miaka ikaenda. Mwaka 2017 akaletwa Mwalimu Kambale kufundisha somo la maadili. Alikuwa Mnande wa upande wa Kongo, mnene, mcheshi, anavuka mpaka wa Mpondwe kila Jumanne asubuhi na mkoba umefungwa kamba. Somo lake lilikuwa na jina refu kuhusu dhambi, dini na vitabu vya kashfa, na wanafunzi walijiandikisha wengi mpaka tukaazima mabenchi ya kanisa.

Siku ya pili alikuja maktaba anapepea ile riwaya ya kijani.

"Mama Biira! Kitabu yako iko na suruali!"

"Nini tena, Mwalimu?"

"Nafika page ya mia na tisa, naanza kusikia utamu, halafu, pa! Ukuta. Nani alivalisha huyu mujane suruali?"

Nilimweleza desturi yetu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi ya kupandia rafu. Kisha akaniomba nisizifungue zile kurasa, alikuwa amepata wazo. Ningekuwa na akili ningelikamata wazo lile pale pale nikalipaka gundi.

Tatizo lake lilikuwa hili. Dhambi ya mjane na mtunza kanisa, yenyewe kabisa, kwa maneno yake yote, ilikuwa ukurasa wa hamsini na nane, wazi, haijaguswa. Alijaribu kuifundisha wiki mbili. Wanafunzi walipiga miayo. Wote walitaka kujua jambo moja tu: zile kurasa kumi na mbili zilizoshikana zina nini? Walikuja mmoja mmoja maktaba, wanakishika kitabu, wanakiinua kwenye mwanga wa dirisha, wananusa. Sajenti Opio wa kambini, ambaye alitaka kuwa kasisi wa jeshi, alisimama mbele ya meza yangu kama yuko gwaride.

"Mama ya vitabu! Hii iko na siri gani?"

"Sijui, afande."

"Ulifunga wewe, hujui?"

"Niliambiwa nisisome."

Akanitazama kwa heshima kubwa. "Hiyo ni nidhamu," akasema, akaondoka.

Lakini mimi nilirudi mezani nikapiga hesabu. Kama uchafu wenyewe uko ukurasa wa hamsini na nane, basi mimi nilifunga nini? Nikakumbuka nilifunga bila kutazama. Nikaona nimekosea. Labda nilisoma namba vibaya, labda nilichanganya karatasi ya kitabu kingine, na miaka yote hiyo uzinzi umekaa uchi kwenye rafu ya chuo cha wahubiri huku mimi nikiwa nimefunika ukurasa wa watu wanaokunywa chai. Nikanyamaza. Niliona ni afadhali watu wafikiri kuna jambo kubwa mle ndani kuliko wajue mkutubi wao ni mjinga.

Wazo la Mwalimu Kambale lilikuwa kuwapa insha. Kila mmoja aandike anadhani kurasa zilizofungwa zina nini. "Mukimaliza," aliwaambia, "tutatafuta dhambi inakaa wapi. Kwa mwandishi? Kwa gundi ya Mama Biira? Ao kwa kichwa ya mwenye anaandika?"

Weee! Sijapata kuona watu wazima wakiandika kwa bidii vile. Katekista wa Kyarumba, mtu mpole anayenong'ona hata akinunua chumvi, aliwaangusha mjane na mpenzi wake kwenye mteremko wa shamba la kahawa, wakabingirika matuta sita, na kila tuta lilikuwa na dhambi yake. Mama mmoja mhubiri wa Kahendero aliwapeleka kuoga ziwani, kisha akamleta kiboko, kwa sababu, aliandika, mtu akifanya hayo majini kiboko atatokea tu, tumeona. Na Sajenti Opio aliandika taarifa ya operesheni. Naikumbuka kwa moyo: "Saa kumi na moja kamili mjane alishambulia kutoka upande wa jikoni. Mtunza kanisa hakutoa upinzani. Kanzu mbili zilipotea katika mapambano. Saa kumi na moja na robo eneo lote lilikuwa chini ya udhibiti wa mjane." Nilizisoma zote, mezani pangu, nikilia kwa kicheko, na narudia, nilikuwa nalipwa.

Kosa lao lilikuwa kutaka insha ziwe safi. Wakazipeleka mjini zikapigwe kwenye kompyuta, duka lile karibu na soko, na mnajua duka lile karatasi iliyoharibika haitupwi. Inauzwa kwa mama wa njugu. Alhamisi hiyo mke wa mwenyekiti wa kamati ya chuo, Mama Mchungaji, alinunua njugu, akafika nyumbani, akala, na alipotaka kutupa karatasi akaona maneno "mjane alishambulia". Akasoma mpaka ukingo. Na sasa shikeni hapo hapo: karatasi iliishia katikati ya operesheni. Yule mama alirudi sokoni akanunua njugu tena. Alipata matuta mawili ya Kyarumba na mkia wa kiboko ndipo akampelekea mumewe.

Hapo kicheko kikaisha. Mchungaji Baluku, mwenyekiti, hakuwa mtu wa utani. Ijumaa ikaja barua: kamati itakaa Jumanne saa nne, ndani ya maktaba. Mkutubi alete kitabu na kukifungua mbele ya kamati. Kama kilichomo kinafanana na insha, Mwalimu Kambale ataondolewa, somo litafutwa, na kabati lote la nyuma litachomwa. Mwalimu alikuwa na mke na watoto wanne Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na upande ule hali haikuwa ya kumrudisha mtu mikono mitupu. Alinisomea barua mwenyewe, akaikunja vizuri, akajaribu kucheka, kicheko kikakataa.

"Mama Biira, kweli hujui iko nini mule?"

"Sijui, baba."

Jumamosi nikaenda Bwera. Mzee Bwambale alikuwa anaanika kahawa uani, na kofia yake ile ile. Alinikaribisha, akanipa bundu na samaki, akaniuliza habari za brashi ya mbuzi. Nikamweleza yote, na mwishoni nikaungama: nadhani nilikosea namba, uchafu uko wazi, na nilichofunga sijui ni nini.

Mzee aliacha kula.

"Usifungue."

"Mzee, wataniamuru."

"Waambie gundi imekuwa mawe. Waambie itachanika. Biira, mwanangu, nakuomba. Usifungue."

Miaka yote hajawahi kuniomba kitu, aliagiza tu. Nikaelewa kwamba ananikinga mimi, hataki mwanafunzi wake aaibike mbele ya kamati. Nilimpenda sana dakika ile, na nilikasirika pia, kwa sababu heshima yangu ilikuwa imewekwa mizani moja na mkate wa Kambale. Njiani kurudi niliamua. Nitafungua, nitasema nimekosea, na wakitaka kunifukuza nitakuwa nimeondoka na mdomo safi.

Jumanne maktaba ilijaa. Mchungaji Baluku mezani kwangu, kwenye kiti changu, jambo lililoniudhi kuliko barua. Mama Mchungaji pembeni yake, kama mwakilishi wa akina mama. Mwalimu Kambale amevaa koti. Sajenti Opio kwa niaba ya wanafunzi, buti zinang'aa. Na dakika ya mwisho, nikiwa natia maji birikani, akaingia Mzee Bwambale, ametoka Bwera alfajiri. Hakunisalimu. Akakaa kwenye benchi la nyuma.

Kwanza Mchungaji alisoma vipande vya insha, kama ushahidi. Kipande kibaya kuliko vyote hakikuwa na jina kamili, chini kimeandikwa tu "Baluku". Mnajua kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ni Baluku, darasani walikuwemo watatu. Lakini watu wote, bila kukusudia, tulimtazama mwenyekiti. Mama Mchungaji ndiye aliyemtazama muda mrefu kuliko wote.

"Si mimi!" akasema Mchungaji. "Mkutubi, fanya kazi yako."

Nikafanya. Birika kwenye sigiri, mdomo wake nimeuelekeza kwenye ukingo wa kurasa, kitambaa kibichi chini, kisu kile butu cha siagi mkononi. Kazi hii haitaki haraka, ukilazimisha utaondoka na maandishi. Mchungaji aliuliza kama tunaweza kupata chai huku tukisubiri, nikamwambia birika ni moja, achague chai au dhambi. Akachagua dhambi. Ukurasa wa kwanza ukaachia, kisha wa pili. Mama Mchungaji alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa meza. Zilipoachia zote nikazikausha kwa magazeti, nikavaa miwani.

"Soma," Mchungaji akasema. "Kwa Kiswahili, wote wasikie."

Nikatafsiri nikisoma. Mjane alikuwa peke yake chumbani. Hakuna mtunza kanisa, hakuna kanzu, hakuna jiko. Alikuwa amepiga magoti, nami nikasoma maneno yake:

"Mungu, nimekuja kukuambia kwamba sitakushukuru. Siku tisa watu wamekaa nyumbani kwangu wakinifundisha kushukuru. Ulimchukua asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto. Hukubisha hodi. Mimi mwanadamu nikienda kwa jirani nabisha hodi. Ungekuwa mtu nisingekuamkia mwaka mzima. Lakini sina mwingine wa kumlalamikia, kwa hiyo kaa hapo unisikilize."

Zilikuwa kurasa kumi na mbili za hivyo. Anamlaumu, anamtukana, analia, anamuuliza kama ana mke. Nilisoma mpaka mwisho. Nilipomaliza, nikaondoa birika motoni.

"Na uchafu?" Mchungaji akauliza, kwa sauti ndogo. "Uko wapi uchafu?"

"Ukurasa wa hamsini na nane, Mchungaji. Uko wazi tangu zamani."

Akafungua. Akasoma, akalegeza kola, akageuza kitabu kutuonyesha. Ukurasa wa hamsini na nane ulikuwa hauna doa hata moja, kama umetoka boksini. Kingo za zile zilizofungwa zilikuwa nyeusi kwa vidole.

Sajenti Opio akainua shingo. "Hiyo mimi nilisoma, Mchungaji. Nilidhani ni utangulizi."

Mwalimu Kambale alijificha uso kwenye mkoba. Mama Mchungaji hakujificha, alicheka wazi, kicheko cha mwanamke aliyeshiba njugu, nasi tukamfuata, hata mimi niliyekuwa karibu kupoteza kazi. Nikasimama ningali nafuta macho, nikasema yangu: nilifunga kurasa zisizo zake, uzembe ni wangu, Mwalimu hana kosa, kabati halina kosa, mkitaka kuondoa mtu niondoeni mimi.

"Hakukosea."

Ilikuwa sauti ya Mzee, kutoka benchi la nyuma. Alikuwa amevua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia.

"Hakukosea. Ndizo nilizompa. Ile ya hamsini na nane niliisoma, nikaiacha. Uzinzi tunaujua, tunauhubiri kila Jumapili, hautamwangusha mtu hapa. Lakini hii..." Akanyoosha kidole kwenye kitabu. "Masika alikuwa na siku kumi na tatu kaburini. Nilishukuru mbele ya watu, mlinisikia. Nilidanganya. Nikarudi kazini nikafungua boksi, nikakuta huyu mama amesema yote yaliyokuwa mdomoni mwangu. Nikaogopa. Nikaona ikibaki wazi nitaisoma kila siku, na siku moja nitaisema kanisani. Kwa hiyo nikafunga. Miaka sita mimi ni mzee wa kanisa wa uongo."

Kumbe kule Bwera hakuwa ananikinga mimi hata kidogo! Nilikaa chini.

Mchungaji Baluku alivua miwani. Akasema, "Mzee, ni mimi niliyekushika mkono kaburini nikakwambia ushukuru."

"Ni wewe."

"Ulikuwa hutaki."

"Nilikuwa sitaki."

Mchungaji akachukua ile barua yake ya kamati, akaigeuza juu chini kana kwamba upande wa pili umeandikwa la kufanya. Akasema hakuna mtu anaondoka, wala hakuna kitabu kinachomwa, na kama kuna mjumbe anapinga aseme. Mwalimu Kambale alishika mikono yangu miwili akaikamua, "Aksanti, Mama, aksanti," mpaka kisu cha siagi kikaanguka.

Ndipo Sajenti Opio akasimama wima, mikono ubavuni. "Mzee," akasema, "sema sasa. Tuko hapa."

Na Mzee Bwambale akasema. Alisimama katikati ya rafu zake, akatazama mabati, akamwita Mungu kwa jina letu, Nyamuhanga, kwa Lhukonzo, lugha aliyomposea Masika. Maneno yenyewe sitayarudia. Alimweleza asubuhi ile dakika kwa dakika. Alimuuliza alikuwa na haraka gani. Alipaza sauti hata watu wa darasa la jirani wakaja mlangoni, na mimi niliyesoma kila tusi lililowahi kuchapwa nilisikia mambo ambayo sijayaona katika kitabu chochote. Mchungaji aliinamisha kichwa mwanzo hadi mwisho, hakumkatiza.

Alipotua, sote tulingoja aseme amina. Hakusema, na hakuna aliyethubutu kumsemea. Akavaa kofia yake, akavuta pumzi, akamgeukia Mwalimu Kambale.

"Sijamaliza. Darasa lako ni siku gani?"

"Jumanne, Mzee."

Alikuja Jumanne iliyofuata, akakaa benchi moja na Sajenti, na Jumanne nyingine, na nyingine. Nilipostaafu mwaka 2019 alikuwa bado anakuja, na bado hajasema amina.